Dude la Mita 40 na Mifuko Mitatu ya Salfa

Kaa nyuma kabisa ya kibanda umiza cha Mtwara mjini siku inapowekwa muvi ya dude, uiache runinga, usikilize watu. Dude likiwa uwanjani, banda zima ni kelele. Likitoweka, wakabaki mume na mke jikoni wakizungumzia ndoa yao, huyu anatoka kununua mihogo, yule anashika simu, na mwenye banda anaombwa apeleke mbele. Watengenezaji wengi wakiona hali hiyo hukata shauri kwamba mtazamaji anataka dude lizidi na watu wapungue. Hapo ndipo mambo yanapoharibikia. Watazamaji haohao hukaa kimya dakika tano nzima wakimfuatilia mama anayetafuta mtoto kwenye moshi, na muda wote huo dude halijaoneshwa hata ukucha.

Wanachokichoka ni kuoneshwa muvi mbili kwa kiingilio kimoja. Moja ina dude linalobomoa, nyingine ina watu wenye shida zao, na mhariri anaruka kati yake kila dakika nne akiomba Mungu zikutane mwishoni. Ukiandika hivyo, hakuna mgawanyo wa dakika utakaokuokoa. Wape watu asilimia sabini au wape thelathini, itachosha vilevile.

Kipimo ninachokiamini ni hiki. Chukua sini yoyote ya skripti yako, ufute dude. Kama ugomvi wa watu umebaki ulivyokuwa, sini hiyo haijakamilika. Lirudishe dude, ufute watu. Kama ubomoaji unaendelea kama kawaida, bado haijakamilika. Sini iliyokaa sawa hufa ukiondoa upande wowote.

Mfano ulio safi kuliko yote ninaoujua ni Godzilla, muvi ya Kijapani ya mwaka 1954, iliyoongozwa na Ishirō Honda. Ndani yake kuna binti, Emiko, ambaye kwao wanamhesabu mchumba wa mwanasayansi Serizawa, ilhali moyo wake uko kwa Ogata, kijana wa kampuni ya uokoaji wa meli. Ikiishia hapo ni tamthilia ya jioni tu. Ila Serizawa amegundua kitu kinachoua kila kiumbe kilichomo majini. Amemwonesha Emiko peke yake, akamwapisha asimwambie mtu, kwa kuwa anajua wakubwa wakikipata watakigeuza silaha. Tokyo inapoungua, Emiko anajikuta hospitalini katikati ya majeruhi na watoto, na hapo anakivunja kiapo na kumweleza Ogata. Siri ya mapenzi na siri ya silaha zimekaa kwenye mdomo wa mtu mmoja. Kila nyumba iliyoanguka usiku ule ilikuwa inamsogeza yeye kwenye uamuzi, hata pale ambapo haonekani kabisa kwenye picha.

Ukitaka kuona kinyume chake, angalia Godzilla ya mwaka 2014 ya Gareth Edwards. Inaanza na baba, mhandisi wa kinu cha nyuklia Japani, aliyempoteza mkewe kazini, na miaka kumi na tano baadaye bado anautafuta ukweli. Shida ya mtu huyo imeshikana na dude moja kwa moja. Kisha anafariki kabla muvi haijafika nusu, na hadithi inakabidhiwa kwa mwanawe, askari, ambaye sehemu kubwa ya safari yake ni kujaribu kurudi nyumbani kwa mke na mtoto. Dude lenyewe linaonekana dakika kumi na kidogo tu kati ya 123, na watu walilalamika kwamba ni chache. Naona zilitosha. Aliyekosekana ni mtu wa kulishikia dude upande wa pili wa kamba.

Tuijenge moja ya huku kwetu, tuone kazi inavyokwenda.

Lindi ina sababu ya kuwa na dude kuliko sehemu nyingi duniani. Tendaguru, mwendo wa kilomita kama sitini kaskazini-magharibi ya Lindi mjini, ndiko walikochimba Wajerumani kati ya mwaka 1909 na 1913, mara tu baada ya vita vya Majimaji, wakatoa mifupa ya mijusi mikubwa ya kale na kuipeleka Berlin. Mmoja kati ya hiyo, Giraffatitan, umesimamishwa kwenye jumba la makumbusho la huko ukiwa na urefu wa mita 13.27 kutoka chini hadi kichwani. Mfupa mmoja tu wa juu wa mguu wa mbele unapita mita mbili. Na hakuna gari lililofika kule: mifupa ilikatwa vipande, ikapakwa plasta, ikabebwa vichwani na mabegani na wapagazi kwa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, na jina lake limo kwenye kumbukumbu za kazi ile. Mwandishi wa Lindi anayeliacha jambo hili akaenda kuazima jitu la baharini kutoka kwa watu wengine anaacha mali nyumbani.

Basi dude letu litoke bonde la Tendaguru, na liwe mara tatu ya ule mjusi wa Berlin. Mara tatu ya mita 13.27 ni takriban mita 40. Usilipandishe zaidi ya hapo. Mita 40 linauzidi mnazi mrefu, lakini mtu akisimama karibu na unyayo wake bado wote wawili wanaingia kwenye fremu moja. Ukifika mita 100 na kuendelea, mtu anageuka kuwa nukta, na unalazimika kukata kati ya uso wake na dude kila mara. Zile muvi mbili zinaanza kujitenga hapohapo, kwenye kuchagua urefu.

Sasa watu. Mwezi Juni hadi Septemba mikorosho inatoa maua, na ugonjwa wa ubwiri unga unayashambulia. Dawa inayojulikana na kila mkulima ni salfa ya unga, inayokuja kwa mifuko ya kilo 25 na kupulizwa kwa mashine alfajiri upepo ukiwa umetulia. Asiyepuliza kwa wakati, msimu umempita. Kijijini kuna ghala la chama cha msingi lenye mifuko 640, na mtunza ghala ni Somoe, ambaye baba yake amefariki mwaka huo na kuacha mikorosho. Watoto wanasema ni yao, waliipanda na baba. Upande wa pili yupo Athumani, mpwa wa marehemu, na kwa desturi ya upande wa mama iliyozoeleka kwa Wamwera na Wamakonde, mpwa ndiye mwenye kauli. Kila mtu wa Lindi amewahi kuusikia ugomvi huu. Yeyote atakayeipulizia mikorosho ile mwaka huu atakuwa ameshaweka mguu ndani.

Athumani anaiba mifuko mitatu ya salfa na kuipulizia usiku. Siku chache baadaye dude linapita. Asubuhi anaziona nyayo zimekuja moja kwa moja kutoka bondeni, zimefika ukingoni mwa mikorosho ile, zikapinda, zikaizunguka yote, zikarudi kwenye mstari wake. Mashamba ya jirani yasiyo na salfa yamekanyagwa. Ameshajua dude linakimbia nini, na hawezi kusema bila kujitaja kuwa mwizi. Somoe naye anadaiwa mifuko mitatu na anaelekea kufukuzwa kazi.

Angalia mambo yaliyokwepwa hapo. Hatukuhitaji profesa kutoka Dar es Salaam wa kusimama mbele ya ramani akieleza udhaifu wa dude kwa dakika sita. Aliyegundua ni mtu ambaye kazi yake ni kupuliza, akiwa shambani, kwa macho. Mtaalamu wa kueleza ni kidonda kikubwa cha aina hii ya muvi. Kila unapomwona kwenye skripti yako, jiuliza ni nani kijijini ambaye angelijua jambo hilo kwa kulikanyaga. Pia hatuna steringi anayekodoa macho. Mtu anayelitazama dude tu, mdomo wazi, anachosha baada ya shoti mbili. Mpe kitu mkononi: ufunguo, usukani wa kivuko cha Kitunda, kamba ya ng'ombe, mtoto mgongoni. Mikono ikiwa na kazi, uso unapata cha kuonesha.

Swali la lini dude lionekane lote linabishaniwa sana, na watu wanapenda kutaja Jaws ya mwaka 1975, ambayo papa wake anaoneshwa waziwazi baada ya saa moja na dakika ishirini hivi. Sehemu ya sababu ilikuwa mashine: papa wa bandia alikuwa anaharibika kwenye maji ya chumvi kila mara. Lakini muvi ya Kikorea ya mwaka 2006, The Host ya Bong Joon-ho, inalitoa dude lake mchana kweupe ukingoni mwa mto kabla robo saa ya kwanza haijapita vizuri, na haipungui nguvu. Tofauti ni swali linalobaki. Ukilificha dude, mtazamaji anauliza ni kitu gani. Ukilitoa mapema, lazima wakati huohuo umpe swali jingine, na Bong alimpa: binti wa familia ile amechukuliwa mbele ya baba yake. Kutoka hapo hakuna anayejali tena dude linafananaje, wanataka mtoto arudi. Kwa muvi yetu ningelificha hadi dakika ya 30, kwa sababu swali letu liko kwenye nyayo, na nyayo zinahitaji muda.

Hadithi zetu za utotoni zililijua hili zamani. Kwenye ile ya nunda mla watu, kijana anawinda mnyama, anamburura hadi kwa mama, na mama anamwambia siye. Anarudi porini, analeta mkubwa kidogo. Siye. Msikilizaji amekaa jamvini hajamwona nunda, lakini kila mnyama aliyekataliwa amemwongezea kimo. Halafu anayepima ni mama, mwenye hofu ya kumpoteza mwana, kwa hiyo kipimo na uchungu vinakua pamoja. Tumia mpango huohuo: kwanza kisima kilichomwagika, kisha mkorosho uliovunjika katikati ukiwa wa mita kumi, kisha ng'ombe mzima juu ya paa la shule. Kila kimoja kimguse mtu aliyekwisha kutajwa jina. Kisima cha nani? Ng'ombe wa nani?

Tuje kwenye namba, kwa kuwa hapa ndipo muvi nyingi za bajeti ndogo zinapofia.

Mtu mwenye kimo cha mita 1.6 akivaa vazi la dude la mita 40, kipimo chako ni moja kwa 25. Kila kitu cha kijiji cha mfano, kile kidogo utakachokijenga, gawa kwa 25: mkorosho wa mita 10 unakuwa sentimita 40, ukuta wa ghala wa mita 5 unakuwa sentimita 20, gunia la mita moja linakuwa sentimita 4. Mwendo nao una hesabu yake. Chukua kipeuo cha pili cha 25, ambacho ni 5, uzidishe kwa fremu 24 za kawaida, yaani picha 24 kwa kila sekunde, unapata fremu 120 kwa sekunde. Simu nyingi za sasa zinapiga 120. Ukicheza kwa 24, vumbi linaanguka polepole, bati linapepesuka kwa uzito, na ubongo wa mtazamaji unakubali bila kujua kwa nini. Ukipiga kwa fremu 24 hizohizo za kawaida, utaona mtu ndani ya sponji akirukaruka, na hakuna muziki utakaomficha.

Hesabu hiyo inakupa zawadi nyingine. Sekunde moja ya uchezaji inakuwa sekunde tano kwenye kioo, kwa hiyo mchezaji hahitaji kukaa ndani ya vazi zaidi ya sekunde ishirini kupata shoti ya dakika moja na nusu. Vazi la kwanza la mwaka 1954 lilikaribia kilo 100, na Haruo Nakajima aliyelivaa aliweza kutembea kidogo sana. Wewe tumia sponji la godoro la unene wa sentimita tano, gundi ya viatu, na ngozi ya nje ya mpira wa majimaji (lateksi) uliopakwa tabaka kwa tabaka, na kila tabaka likauke kabla ya jingine. Watu wakiharakisha hapo, rangi inapasuka kwenye makwapa na magoti siku ya kwanza. Acha tundu la hewa nyuma ya shingo, na mtu mmoja kazi yake iwe kumvua kichwa mchezaji kila baada ya teki.

Na mchezaji mwenyewe msimtafute mbali. Mcheza mapiko wa Kimakonde anavaa kinyago kinachomfunika kichwa chote, mwili umefunikwa nguo, anachungulia kupitia mdomo wa kinyago, na hana ruhusa ya kusema neno. Hasira, udadisi na uchovu vyote anavitoa kwa shingo, mabega na miguu. Huo ndio ufundi wa dude. Ukimpa vazi mtu wa sarakasi atakupa kuruka. Mcheza mapiko atakupa dude linalofikiri, na dude likionekana linafikiri, binadamu aliye mbele yake anapata mtu wa kujibizana naye.

Mwendo wa mguu hupanga hata hadithi. Mtu hutembea mita 1.4 kwa sekunde. Dude la mara 25 hutembea mara tano ya hapo, mita 7 kwa sekunde, yaani kama kilomita 25 kwa saa, likipiga hatua moja kila sekunde mbili na nusu hivi. Kwa hiyo mtu anayekimbia anafikiwa. Bodaboda kwenye lami inalikimbia bila shida. Bodaboda yenye mifuko minne ya salfa kwenye mchanga wa njia ya shambani hailikimbii. Sasa una sini ya kukimbizana ambayo kila mtazamaji wa Mtama na Mingoyo anaweza kuipima kichwani, na uamuzi wa Athumani wa kushusha mfuko mmoja au kuuacha unakuwa na bei. Waandishi wasiofanya hesabu hii huwa na dude linalotembea haraka pale linapotakiwa na kuchelewa pale steringi anapotaka kuongea na mpenzi wake. Watu wa kibanda umiza wanaliona hilo papo hapo.

Kamera iwe urefu wa jicho la mtu aliyesimama, au chini zaidi, kama jicho la mtoto. Droni iache nyumbani. Kila shoti inayopigwa kutoka juu inampandisha mtazamaji kimo cha dude, na dude linakuwa mjusi. Ndani ya fremu weka vipimo vitatu vinavyojulikana: mtu, bati la nyumba, mnazi. Hakikisha sehemu moja ya dude inakatwa na ukingo wa picha au inafichwa na kitu. Kilicho mbali kipauke. Moshi wa mashamba yanayochomwa na vumbi la kiangazi hufanya vilima vya mbali viwe vya kijivu, hivyo dude lililo kilomita moja likionekana jeusi tititi kama lililo mita kumi, limebandikwa. Kwenye programu ya kuhariri, pandisha weusi wake hadi ulingane na miti iliyo jirani nalo.

Maji ni adui wa vijiji vya mfano. Tone la maji halikubali kupunguzwa ukubwa, na ghuba ya Lindi ukiijenga kwenye beseni itaonekana beseni hata upige kwa fremu ngapi. Kwa maji unahitaji mfano unaokaribia robo ya ukubwa halisi, au uyapige maji halisi pale Kitunda na kuliweka dude baadaye kwa kompyuta. Ndiyo sababu nyingine ya kuliacha dude letu bara.

Kompyuta pia haihitaji jeshi. Godzilla Minus One ya mwaka 2023 ilikuwa na shoti 610 za athari zilizofanywa na timu ya watu 35, na mwongozaji Takashi Yamazaki ndiye aliyekuwa msimamizi wa athari hizo. Mwaka 2024 ikachukua tuzo ya Oscar ya athari za picha. Anayeamua juu ya uso wa mtu na anayeamua juu ya dude alikuwa mtu mmoja. Kwenye timu ndogo ya Mtwara hilo linawezekana bila mkutano hata mmoja, na ndilo jambo ambalo studio kubwa hulihangaikia kwa fedha nyingi.

Sauti nimeiacha hapa makusudi, kwa sababu ndiyo inayounganisha pande mbili kwa bei ndogo kuliko zote. Sauti inakwenda kama mita 340 kwa sekunde. Dude likikanyaga kilomita moja kutoka kwa Somoe, vumbi linapanda kwanza, kishindo kinamfikia sekunde tatu baadaye. Ziache hizo sekunde tatu. Aone, ahesabu, kisha bati litetemeke. Mwigizaji anapata nafasi ya kuogopa kabla ya mtazamaji kusikia chochote. Karibu muvi zote hupiga kishindo na vumbi pamoja na kuitupa hofu hiyo.

Halafu kumbuka wanaosikiliza. Banda lenye sabufa litakupa mngurumo mzito wa hezi 40 (mitetemo 40 kwa sekunde), lakini wengi wataangalia kwenye simu, na spika ya simu haitoi kitu cha maana chini ya hezi 200 hivi. Mngurumo wako mzuri utakuwa kimya kwao. Kwa hiyo kila hatua ya dude ipewe tabaka la pili linalosikika kwenye simu: misumari ya bati inayolia, vikombe kwenye sinia, mbwa, mnyororo wa mlango wa ghala. Tabaka hilo lote linatoka kwenye vitu vya watu. Mlio wa Godzilla wa mwaka 1954 wenyewe ulitokana na glavu ya ngozi iliyosuguliwa kwenye nyuzi zilizolegezwa za kontrabasi, ile fidla kubwa ya sauti nzito, kazi ya mtunzi Akira Ifukube. Jaribu kamba ya katani kwenye pipa tupu, irekodi, ipunguze kasi mara nne.

Sini ya ghala sasa, kwa kuwa ndiyo inayobeba muvi. Ni alfajiri, kabla ya jua. Dude liko nyuma ya kilima, linasikika kila sekunde mbili na nusu. Somoe anahesabu mifuko kwa tochi ya simu. Athumani anaingia.

"Binamu, ile mifuko mitatu usiitafute tena."

"Wiki mbili naitafuta. Mwenyekiti ameshaandika barua."

"Iko kwenye mikorosho ya mjomba. Nenda ukaone nyayo zilivyopinda."

Somoe hajibu. Hatua ya dude. Mnyororo unalia.

"Mikorosho ya baba," anasema.

"Ya baba. Yote iko mizima. Ni salfa, Somoe. Linaikimbia."

Anaangalia mifuko 637. Wakiimwaga na kuichoma kwenye njia panda, kijiji kinapona na msimu mzima wa korosho wa kila mwanachama umekwisha. Ufunguo uko mkononi mwake, na wa kuulizwa kesho ni yeye. Jaribu kufuta dude hapo, hakuna anayekiri wizi. Futa binamu wawili, hakuna wa kulizuia dude.

Onyo kwa watakaopiga sini ya kuchoma: msichome salfa halisi. Moshi wake unakaba mapafu na unaweza kuua mtu kwenye chumba kilichofungwa. Unga wa ngano au wa mhogo nao usirushwe karibu na moto, unalipuka. Tumia chaki iliyosagwa yenye rangi ya manjano, barakoa kwa kila mtu, na moshi wa majani mabichi upigwe mbali, siku nyingine.

Kwa muvi ya dakika 95, ningelipa dude dakika 12 kwa jumla. Ishara zake kabla ya dakika ya 30 zisizidi dakika moja na nusu, likitokea lote kwa mara ya kwanza lipewe dakika mbili bila kukata hovyo, na sehemu kubwa iliyobaki iende njia panda ya mwisho. Ukurasa mmoja wa skripti huhesabiwa dakika moja, kwa hiyo haya yote unaweza kuyapima kabla hujakodi hata taa. Sini ya ghala kwenye karatasi itakujia kurasa saba. Ihariri hadi ibaki dakika tano na nusu, na dakika moja na nusu utakayoitoa itoke kwenye shoti za dude nyuma ya kilima, si kwenye ukimya wa Somoe.